Haragwe la Tatu

Mimi ndiye niliyetia haragwe jeusi. Nasema mapema ili usijisumbue kunitafuta. Mara ya kwanza nililitia mimi, mara ya pili nililitia mimi, na Alhamisi ile ya mwezi wa kumi niliingia mkahawani kwa Nadine saa moja asubuhi nikiwa nimeshakata shauri: la tatu pia ni langu.

Mtu mwenyewe ni Lonnie Rieger. Kwa miaka mitatu, tisini na moja hadi tisini na tatu, alikuwa kwotabeki, yaani mrusha mpira mkuu, wa Nyegere, timu ya futiboli ya Kimarekani ya sekondari yetu hapa Kessler Flat, na mimi nilikuwa yule wa katikati. Yule anayeinama mbele kabisa, akaushika mpira chini, akaupitisha kati ya miguu yake kwenda nyuma kwa kwotabeki, kisha akagongwa kichwa na majitu mawili ili bwana mkubwa apate nafasi ya kuangaza macho na kurusha. Miaka mitatu Lonnie alikuwa akiyatazama makalio yangu kila Ijumaa, na picha yake ndiyo iliyotoka gazetini. Mimi nilitoka mara moja. Mgongo.

Usinicheke. Wewe hujagongwa kichwa.

Juu ya kaunta ya Nadine kuna ubao wa mwaloni wenye majina kumi na moja kwa rangi nyeupe. Ni majina ya makwotabeki waliofaulu. Si wote waliocheza, waliofaulu tu. Na wanaoamua nani kafaulu ni sisi, Klabu ya Ijumaa, wanaume kumi na tisa tuliowahi kuivaa jezi ya Nyegere na hatukupata akili ya kuhama. Mmoja akifa anaingia mwingine, hatuzidi hapo. Mtu hapimwi angali moto. Huachwa miaka kumi, ndipo tunakaa. Akikataliwa hurudishwa baada ya kumi mingine, na kumi mingine tena. Akikataliwa mara ya tatu, jina lake halitajwi tena mezani.

Kila mtu hupewa maharagwe mawili, jeupe na jeusi. Moja unalitumbukiza kwenye helmeti kuukuu ya mwaka arobaini na nane, jingine unalitupa kwenye kopo la kahawa lenye kifuniko, ngumi imefungwa, asijue mtu. Yote yakiwa meupe, jina linaandikwa. Likitokea jeusi moja tu, kwaheri. Na anayepimwa hukaa papo hapo mezani na maharagwe yake kama wengine, ila haruhusiwi kufungua mdomo mpaka yahesabiwe. Wazee waliotunga kanuni hizi hawakuwa na huruma, na mimi siwalaumu.

Kuna kanuni moja zaidi, na hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi wiki nzima. Mara ya tatu, mwenye haragwe jeusi lazima asimame aseme sababu yake, na sababu isipokubalika haragwe halihesabiwi.

Lonnie alikuwa amepimwa mara mbili, na mara zote mbili yalitoka meupe kumi na nane na jeusi moja. Mji mzima ulimshuku mzee Burl Stegall, mwenyekiti wetu, mwenye kiwanda cha kuchambua pamba, ambaye jina lake limo ubaoni. Niliwaacha wamshuku. Burl hana adabu, dhambi moja ya ziada haimpunguzii kitu.

Lonnie mwenyewe huuza mabomba ya kumwagilia na hujifanya hajali. Aliyekuwa akiumia ni mama yake, Bi Verna, miaka themanini na mitatu, ambaye kila asubuhi hukaa kiti cha tatu cha kaunta, hunywa kahawa isiyo na maziwa, na kuutazama ule ubao kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Mumewe Otto alikuwa akikaa kiti cha pili, mpaka mwezi wa kumi na mbili mwaka tisini na tatu, tulipofungwa na Dunmore kwenye nusu fainali ya jimbo. Asubuhi ya pili yake, mabango saba ya “Nyumba Inauzwa” yalikuwa yamechomekwa mbele ya nyumba ya Rieger, na wao hawakuwa wakiuza nyumba. Ndivyo tunavyomwambia mtu hapa kwetu kwamba ahame. Otto aliyang’oa yote saba kwa mkono wake, akayapanga gereji, wala hakutia tena mguu kwa Nadine. Miaka sita baadaye akafa. Mabango Bi Verna anayo hadi leo.

Asubuhi ile alikuja na pai nne za njugu za pekani. Wanawake hawakai mezani siku ya maharagwe, kwa hiyo alipita nyuma ya viti vyetu akimwekea kila mtu kipande chake. Aliponifikia akanigusa bega.

“Royce, mwanangu, chako nimekikata kikubwa. Wewe ndiye uliyekuwa ukimlinda.”

“Asante, Bi Verna.”

“Leo ndiyo mwisho. Jina liwepo au lisiwepo, nataka nijue kabla sijafa.”

Nikasema nimesikia. Akaingia jikoni na Nadine, na kile kidirisha cha kupitishia sahani akakiacha wazi. Niliitazama ile pai. Sikuigusa.

Burl aligonga meza kwa pete yake ya ubingwa. Ile pete huivaa hata akienda kuchimba mtaro. “Haya, jamani. Lonnie Rieger, mara ya tatu na ya mwisho. Mwalimu Cecil, soma.”

Mwalimu Cecil Ott alifundisha hesabu miaka thelathini na minane, na analo daftari la kila mechi tangu enzi za Nuhu. Akavaa miwani. “Mechi arobaini na tano. Kashinda arobaini na moja, kashindwa nne. Hakuna kwotabeki aliyeshinda nyingi zaidi hapa. Hata mmoja. Mwenyekiti wetu mwenyewe ana ishirini na tatu.”

“Na kombe alilileta nani?” Burl akauliza.

“Ulilileta wewe.”

“Lonnie kalileta?”

“Hakulileta.”

“Basi funga daftari lako hilo. Arobaini na moja! Mtu akilima shamba zuri, akapalilia vizuri, siku ya kuvuna akaiacha pamba inyeshewe, utasema kafaulu?”

“Burl, wewe kombe ulilipata ukiwa na ndugu wawili wa Pruitt waliokuwa wakikimbia kama wamechokoza nyuki. Kazi yako ilikuwa kuwakabidhi mpira na kukaa pembeni usiwazuie njia.”

Watu wakacheka mpaka vikombe vikatikisika. Burl akawa mwekundu shingo nzima. “Pete ninayo!” akafoka. “Cheka wee, mwalimu, pete ninayo! Na huyu, hata chuo kilimrudisha baada ya mwaka mmoja!”

“Hatupimi chuo,” akasema Cecil. “Tunapima alipokuwa wetu. Alitukuta tumeshindwa misimu mitano mfululizo. Wewe mwenyewe ulikuwa umeacha kuja uwanjani, ulisema heri ukae nyumbani uangalie rangi ikikauka. Alipoondoka tulikuwa tunagombania viti. Kama huko si kufaulu, nifundishe neno lake.”

“Kufaulu ni kushinda ile mechi ambayo lazima uishinde. Basi.”

Wakabishana hivyo karibu saa nzima. Mwingine akasema Lonnie alikuwa akirusha mbali lakini ovyo. Mwingine akamwambia yeye hata ufunguo wa trekta hawezi kurushiwa akaudaka. Lonnie mwenyewe alikaa mwisho wa meza, mikono juu ya magoti, amenyamaza kama kanuni inavyotaka. Nywele zimemwondoka. Alikuwa akinitazama. Huo ndio ubaya wa Lonnie, hukutazama kwa upole, na mimi upole wake unanitia kichefuchefu.

“Royce,” Burl akaniita. “Wewe ulikuwa hatua tano tu mbele yake siku ile. Waambie. Ule mpira wa mwisho.”

Kila mtu anaujua ule mpira wa mwisho. Mvua, tope hadi kwenye vifundo, sekunde tisa zimebaki, tumepungukiwa pointi nne, na mstari wa goli wa Dunmore uko yadi mbili tu mbele yetu. Nikapitisha mpira nyuma. Lonnie hakuudaka. Uligonga mguu wake, ukaenda topeni, mtu wa Dunmore akaulalia, mechi ikaisha. Lonnie akawaambia waandishi, bado maji yanamchuruzika: “Mpira ulifika vizuri. Mikono yangu iliteleza.” Na mkanda wa mechi, kwa ile mvua, hauonyeshi kitu ila vivuli.

“Sema basi, bwana,” Burl akasema.

“Niseme nini? Mwenyewe alishasema,” nikajibu. “Mikono ilikuwa na siagi.”

Kile kidirisha cha jikoni kilikuwa wazi. Nililijua hilo, na nikasema hivyo hivyo.

Helmeti ikaanza kuzunguka. Na sasa, ikiwa inakuja kwangu, nikuambie nilichomficha kila mtu. Jumanne ya wiki ile ya Dunmore nilikuwa namsaidia baba kuunganisha tela la pamba. Chuma kikaniangukia mkono wa kulia, vidole viwili vikavunjika. Sikumwambia kocha. Angeniweka benchi, na mimi nilikuwa nimengoja mechi ile tangu nina miaka sita. Nikavifunga kwa plasta, nikavaa glavu, nikameza vidonge vya baba vya mgongo. Wahenga husema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliumbuka mbele ya watu elfu kumi na moja, ila aliyebeba aibu akawa mwingine. Ule mpira ulitoka mkononi mwangu chini, kando, umekufa. Asingeudaka mtu yeyote aliyezaliwa na mwanamke.

Lonnie alijua. Hakuna ambaye angelijua lile kuliko yeye. Na akasema mpira ulifika vizuri.

Wewe utasema ningemshukuru. Jaribu wewe. Jaribu mtu akusitiri mbele ya mji mzima bila wewe kumwomba, halafu ukutane naye kila Jumapili kanisani, kila wiki dukani, na kila mara akuambie, “Hujambo, Royce,” kwa sauti ile ile. Angenitukana ningempenda. Angenipiga ningemnunulia bia. Lakini alinyamaza miaka thelathini, na mimi nikamchukia miaka thelathini, na kila nilipomtilia jeusi nilijiambia, haya sasa, sema! Ukasirike useme! Hakusema.

Helmeti ikanifikia. Nikatia ngumi, nikaachia jeusi. Kopo likafuata, nikatia ngumi, sikuachia kitu. Lile jeupe nikalirudisha mfuko wa shati. Sijui kwa nini huwa nafanya hivyo. Yale meupe mawili ya zamani nayo ninayo, yako kwenye sanduku la vifaa pamoja na nati za boliti.

Burl akaimwaga helmeti kwenye sinia. Meupe kumi na nane. Jeusi moja, katikati, linatutazama.

Jikoni kitu kilianguka. Sahani, nadhani.

“Ala!” Burl akasimama. “Sasa leo nitaoshwa jina. Miaka ishirini mji huu unaninong’ona mimi. Mwenye haragwe hili asimame.”

Hakusimama mtu.

“Hasimami mtu? Vizuri. Nadine! Leta hiyo Biblia yako hapo kwenye mashine ya hela, na ufunge mlango. Hatoki mtu. Kila mmoja ataapa kwamba si lake, kuanzia kushoto kwangu.”

“Burl, hiyo haimo kwenye kanuni,” Cecil akasema.

“Imo tangu sasa.”

Cecil akaapa akisonya. Wa pili akaapa. Wa tatu, Dwayne Koch wa posta, akaapa huku anatafuna pai. Wa nne nilikuwa mimi. Biblia ilikuwa imeshatua mbele yangu, jalada lake lina alama ya kikombe cha kahawa, na ninakuapia, sijui ningefanya nini. Labda ningeapa uongo. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono.

“Ni langu,” Lonnie akasema.

Wote wakageuka.

“Haragwe jeusi ni langu mimi. Mara zote tatu.” Alikuwa amesimama, mikono mfukoni. “Sababu yangu ni kwamba sikushinda mechi niliyotakiwa kushinda. Mzee Burl yuko sahihi. Bwana mwenyekiti, funga kikao.”

“Wewe?” Burl akabaki mdomo wazi. “Umejitilia mwenyewe?”

“Nimejitilia.”

Bi Verna alikuwa ametoka jikoni. Alisimama karibu na kaunta, taulo la sahani mkononi, akimtazama mwanawe kama hajawahi kumwona. “Lonnie,” akasema. “Miaka yote hii nakaa pale. Ni wewe?”

“Ni mimi, mama. Nisamehe.”

Hapo ndipo niliporuka. Sikuwa na ujasiri, usidanganyike. Nilikuwa na hasira. Damu ilinipanda kichwani mpaka meza sikuiona. Mara ya pili! Mtu yule yule, maneno yale yale, mbele ya watu wale wale!

“Mwongo!” nikapiga kelele, kiti kikaanguka nyuma yangu. “Kaa chini, Lonnie! Kaa chini, mwana wa... Samahani, Bi Verna. Kila siku ni wewe! Kila kitu ukibebe wewe! Nani kakutuma? Nilikuomba lini?”

“Royce, nyamaza,” Lonnie akasema, na safari hii sauti yake haikuwa ya upole.

“Sinyamazi! Hilo haragwe ni langu!” Nikalitoa lile jeupe mfukoni nikalipiga mezani, likaruka hadi kwenye pai ya Burl. “Hesabuni kopo! Mwalimu, hesabu! Utakuta kumi na nane, la kumi na tisa hilo hapo! Na la mara ya kwanza langu, na la pili langu!”

Cecil akalimwaga kopo, akahesabu kwa ncha ya kalamu. “Kumi na nane,” akasema taratibu.

“Na sababu unayo?” Burl akaniuliza.

“Sababu ni hii!” Nikawaonyesha mkono wa kulia. Vidole viwili vya mwisho vilipona vikiwa vimepinda, wote wanaviona kila siku, wote wanajua niliumia kwenye kazi yangu ya kulehemu kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia hivyo. “Vilivunjika Jumanne ya Dunmore. Nilivificha. Mpira haukufika vizuri! Haukufika kabisa! Mimi ndiye niliyeutupa kwenye tope, na huyu akasema mikono yake iliteleza, nami nikamwacha aseme. Na yale mabango, Bi Verna...” Nikamtazama usoni. “Mabango yalikuwa saba. Lile lililopakwa rangi ya kijani nililichomeka mimi. Kwa mkono wa kushoto.”

Bi Verna akaliweka taulo juu ya kaunta.

Nilimgeukia Lonnie. “Haya, sema sasa! Useme ulinisitiri! Jivunie basi, mtakatifu!”

“Sikukusitiri wewe, mpumbavu,” Lonnie akasema.

Nilidhani sikusikia sawasawa.

“Nilijua tangu Jumatano. Mpira wako wa kwanza mazoezini ulinifikia kama samaki aliyekufa. Wewe miaka mitatu ulikuwa unanipiga kifuani nao, nitakosa kujua? Ningemwambia kocha, ungekaa benchi, angecheza yule mtoto wa Doss. Yule alikuwa anatetemeka hata kwenye kuimba wimbo wa taifa. Nikapiga hesabu zangu. Nikasema heri Royce mwenye mkono mmoja. Nikanyamaza.” Akatoa mikono mfukoni. “Nani acheze na nani asicheze, nilikuwa na kauli pale. Kocha alikuwa akinisikiliza. Niliamua, na uamuzi ukawa mbovu. Ningesema mpira ulikuja vibaya, wangekuangalia mkono, na swali la pili lingekuwa, kwotabeki hakujua? Kwa hiyo nikasema mikono iliteleza. Nilijisitiri mimi. Hata leo. Nilikuona umeshanyoosha mkono kwenye Biblia, nikajua utalipuka, nikataka kukuziba mdomo.”

Basi nikakaa. Kiti kilikuwa kimeanguka, nikakaa sakafuni. Cheka tu. Miaka thelathini nilimchukia mtu kwa wema wake, na wema wenyewe haukuwepo.

Watu wakaanza kurushiana maneno wote kwa pamoja. Dwayne akasema tumeuchezea mji shere. Mmoja akasema jina la Lonnie lisiandikwe milele na langu lifutwe klabuni. Cecil yeye alikuwa amefungua daftari ukurasa wa Dunmore, anakwangua kitu kwa kifutio. Burl akagonga pete, hakusikilizwa.

Aliyesikilizwa ni Bi Verna. Hata hakupaza sauti. Alikuja mpaka mezani, mahali ambapo mwanamke hakai siku ya maharagwe, akavuta kiti cha Lonnie, akakaa.

“Otto alikuuliza,” akamwambia mwanawe. “Jikoni kwangu, mara tatu kabla hajafa. ‘Mwanangu, mpira ulikuwaje?’ Ukamwambia uliteleza. Baba yako alizikwa akiamini kalea mtoto mwenye mikono ya siagi.”

“Mama...”

“Sijamaliza.” Akanigeukia mimi pale chini. Nilitamani Dunmore nzima inikanyage tena. “Na wewe. Ulikuwa unakula kwangu kila Alhamisi. Viazi vyangu umevimaliza. Lile bango la kijani, nililitazama miaka thelathini nikijiuliza ni mkono wa nani huu, mbona herufi zimepinda hivi.”

Akainama, akakichukua kipande changu cha pai, kile kikubwa, akakiweka mbele ya Burl.

“Burl Stegall, haragwe lile lina sababu au halina?”

Burl akakohoa. “Sababu aliyoitoa... ni ya kumhukumu yeye mwenyewe, si Lonnie. Ila hili la Lonnie kunyamaza, Bi Verna, ni jambo zito. Alituficha.”

“Wewe Burl ulikunywa pombe usiku wa kuamkia kombe lako, nami ndiye niliyekumwagia maji kichwani asubuhi, maana dada yangu alikuwa akikupenda, Mungu amsamehe. Nilikwenda kulisema uwanjani?”

Burl akaitazama pete yake. Cecil akaanza kucheka, akajizuia kwa leso.

“Mnapima nini hapa kila miaka kumi?” Bi Verna akauliza. “Moyo wa mtu? Huo mtauona wapi kwenye sinia? Huyu mwanangu ni mwongo, na leo nitamwambia mengi nyumbani. Lakini alishinda mechi arobaini na moja, na hilo hata mwongo haliongopi. Andikeni jina.”

“Kanuni inasema...” Burl akaanza.

“Andikeni.”

Burl akalichukua lile haragwe jeusi, akalitazama mbele na nyuma, akalitia mdomoni, akalitafuna bichi, akalimeza. Hilo nalo halimo kwenye kanuni, ila kuanzia siku ile limo.

“Mwandishi?” Cecil akauliza.

“Huyo aliyekaa sakafuni,” Bi Verna akasema. “Si ndiye fundi wa mabango?”

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi nilikuwa juu ya ngazi kwa Nadine, brashi mkono wa kulia. Nilitaka kutumia wa kushoto, Bi Verna akakataa. Alikaa kiti chake cha tatu na kahawa yake. Lonnie alishika ngazi, kwa sababu alilazimishwa, na hatukusemeshana neno. Watu walijaa mpaka nje, wamekuja kutazama aibu yangu, na sikuwalaumu, ningekuwa mimi ningekuja na kiti.

Niliandika R, nikaandika I. Kwenye E vidole viliniishia nguvu, brashi ikanitoka. Ikadondoka na rangi yake yote. Nilifumba macho, wallahi, nikiingoja isikike sakafuni.

Haikusikika. Nilipotazama chini, Lonnie alikuwa ameidaka kwa mkono mmoja, huku wa pili haujaachia ngazi. Rangi nyeupe imemchafua shati lote na upara.

“Hiyo ilikuja chini na kando,” Cecil akasema kutoka mlangoni, na nikamwona anaandika.

Watu wakaangua kicheko. Mimi mwenyewe nilicheka, na Lonnie akacheka, mara ya kwanza tangu tukiwa wavulana, mpaka ngazi ikatikisika. Bi Verna hakucheka. Aliweka kikombe chini.

“Otto angeiona hiyo,” akasema, akapangusa macho kwa leso. Kisha akanyoosha kidole juu. “Na wewe, Royce, usijichekeshe hapo. Hiyo E imepinda kama ile ya bango. Futa.”

Lonnie akanipa brashi. Nikafuta.